Asiyetaka Kuambiwa

Lokorio ndiye aliyemwona mwenzake kwanza. Ekiru, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa ameketi juu ya kigoda chake mbele ya duka la Ngugi pale Lodwar, mgongo ukutani, anatafuna mswaki. Lori la kutoka Kitale lilikuwa limesimama muda huo huo. Lokorio alishuka na sanduku lake la bati, suruali imejaa vumbi. Miaka kumi na miwili hakuwa amekanyaga mchanga huo. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kusema, akiyapangua na kuyapanga tena, na sasa yote yalimtoroka.

"Ejok," alisema.

"Ejok," alijibu Ekiru.

Halafu basi.

Asiyeijua nchi hiyo hawezi kulipima tusi hilo. Kwa Waturkana ejok ni mlango tu. Ukishafunguliwa, habari ndizo huingia. Unatoka wapi, umepita kisima gani, kina maji au hakina, mbuzi wa nani wana ukurutu, nani ameoa, nani ameporwa ngamia, mawingu yameonekana upande gani. Watu wawili wasiojuana wakikutana nyikani husimama papo hapo juani mpaka wamalizane, maana huko habari ni chakula. Hata mtu unayemchukia humwambia kwamba kisima cha mbele kimekauka, asije akafia njiani. Anayekupa ejok kisha akafumba mdomo amekwambia kwamba hakuhesabu kuwa mtu.

"Mama hajambo?" Lokorio aliuliza. "Mmehamia wapi siku hizi?"

Ekiru alitoa mswaki mdomoni, akatema mate kando. "Wewe mwenyewe ulisema usiambiwe," alisema. "Basi hutaambiwa."

Aliinuka, akachukua kigoda na fimbo, akaenda zake bila haraka. Ngugi, aliyekuwa akipima sukari huku masikio yake yote mawili yako nje, aliuliza kwa Kiswahili chake cha dukani, "Huyo si ni ndugu yako wewe? Mbona anakufanyia hivo?"  Lokorio aliomba tu amwekee sanduku.

Jibu lenyewe lilikuwa refu. Zamani Lokorio alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa serikali hapo hapo Lodwar. Uhuru ulipobisha hodi Mzungu akafunga virago, akamchukua na mpishi wake hadi Uingereza. Haikupita miaka mingi Mzungu akafa. Mpishi akabaki, na kwa kuwa alijua kuoka mkate na hakuwa na pa kwenda, akajiandikisha katika jeshi la majini. Wakampeleka kwenye nyambizi, zile manowari zinazosafiri chini ya bahari. Mtu wa Turkana, ambako watu hufukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji ya kunywa, akaenda kupika chini ya maji. Mungu naye ana mizaha yake.

Mwaka wa 1971 baba yao, mzee Lochakapong, alifariki. Ekiru alifunga safari kwa miguu kutoka Kakuma hadi Lodwar, viatu vya tairi vikimla vidole, ili ndugu yake apelekewe habari. Karani wa ofisi ya serikali, Shadrack Omollo, alikuwa mtu mwema. Alituma ujumbe Nairobi kwa redio, na Nairobi wakausukuma mbele. Ekiru akakaa barazani pa ofisi akingoja, analala hapo hapo kama mbwa wa mlinzi. Jibu lilipokuja, Omollo alimsomea mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja na shida zao.

"Ndugu yako iko mzima," Omollo alisema. "Iko safarini, chini ya bahari. Wanasema kabla ya kutoka kila mtu anaulizwa, kama mtu wa nyumbani anakufa, yeye anataka kuambiwa huko huko ama mpaka arudi. Ndugu yako alisema asiambiwe. Kwa hivyo hajaambiwa. Pole, mzee."

Mtu mmoja barazani alicheka. Kicheko hicho Ekiru alirudi nacho Kakuma, na tangu siku hiyo kikawa sheria ya nyumba yake: asiyetaka habari zetu asipewe. Yeye ndiye mwenye mifugo sasa, ndiye anayeishi na mama, na hakuna jamaa aliyethubutu kumpinga.

Lokorio hakuamini kwamba ukoo mzima unaweza kuwa na moyo wa jiwe. Alikwenda Kanamkemer kwa shangazi yake, dada ya baba. Shangazi alimpa ejok, akampa maziwa, kisha akakaa akimtazama huku machozi yanamtiririka, mdomo umefungwa. Lokorio akalazimika kumsoma kama mganga anavyosoma matumbo ya mbuzi. Shangazi alikuwa na shanga zake shingoni na nywele zake kichwani. Kwa hiyo mama hajafa, maana angekuwa amefiwa na wifi yake angevua shanga na kunyoa. Lakini analia. Kwa hiyo mama ni mgonjwa.

Hapo ndipo hofu ilipomshika kisawasawa. Nakeno, mama yao, alikuwa tayari mzee alipoondoka. Sasa yuko mahali fulani katika nchi isiyo na barabara, ndani ya uzio wa miiba ambao kesho unaweza kuhama, na asiyeonyeshwa njia huko hapati kitu. Alikisia. Katika ukame wa utoto wao familia ilikuwa ikihamia Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda. Akapanda kwenda Lokiriama, akazunguka boma kwa boma, akakuta ngamia wa watu wengine na ejok tupu. Alirudi midomo imepasuka, akaelekea Kakuma, na safari hii hakwenda kuomba. Alikwenda kushtaki.

Chifu Lokeno, mtu mnene mwenye kofia ya serikali na subira fupi, aliita baraza nje ya ofisi yake ya mabati. Wazee walikuja na vigoda vyao, wakakaa upande wenye kivuli na kumwachia mshtaki jua. Ekiru alikaa katikati yao. Wengi hawakuja kusuluhisha. Walikuja kumwona mwongo aliyesema ameishi ndani ya maji.

"Kwanza tueleze hicho chombo," Chifu alisema. "Watu hapa wanasema hakuna kitu kama hicho."

Lokorio alianza kueleza, na mzee mmoja akamkatiza. "Ongea kama mwanamume. Mbona unanong'ona?"

"Ndivyo nilivyozoea," Lokorio alisema. "Kule chini sauti ndiyo adui. Hatuoni nje, hakuna dirisha, tunasikiliza tu. Tuna masikio ya mashine yanayosikia meli ikiwa mbali kuliko hapa na Lokitaung. Na adui naye anayo kama hayo. Kijiko kikianguka jikoni, anaweza kukisikia. Tunavaa viatu laini. Mpishi akigonga sufuria anaitwa kwa mkubwa."

"Wanaume wazima mnanyata kama wezi wa mbuzi," mzee yule alisema, na baraza likacheka.

"Mnakaa chini muda gani?"

"Mpaka chakula kiishe. Ni chakula tu kinachotupandisha. Moto wa chombo hautaki kuni wala mafuta; ukishawashwa unakwenda miaka. Hewa ya kupumua tunaitengeneza kwa maji ya bahari. Maji ya kunywa vilevile. Mashine inatoa chumvi, maji matamu yanabaki."

Kicheko kilikatika ghafla. Wazee hao walikuwa wamezika watoto kwa kiu. Mmoja wao, ambaye alikuwa amechimba visima vya mchanga maisha yake yote mpaka mgongo ukapinda, alimwelekezea Lokorio fimbo. "Unasema kuna mashine inayotengeneza maji," alisema. "Wewe umeishi nayo, umekunywa, umeoga, umenenepa. Na umekuja nyumbani na sanduku la nguo."

"Mashine si yangu, baba."

"Hakuna kilicho chako huko. Endelea."

Aliendelea, kwa sababu Chifu alimwashiria, ingawa sasa kila neno lilikuwa kuni kwenye moto. Alisema hakuna jua wala mwezi. Taa zikigeuzwa kuwa nyekundu, huo ndio usiku. Siku walizijua kwa chakula. Samaki ni Ijumaa, nyama ya kuoka ni Jumapili, na mpishi akikosea basi watu zaidi ya mia wanaishi katika siku isiyokuwepo. Vitanda viko vitatu kimoja juu ya kingine. Ukilala, pua yako iko chini ya mgongo wa mwenzako, na ukitaka kujinyoosha unatoka nje kwanza. Harufu ya mafuta, jasho na kabeji inaingia kwenye ngozi, na hata ukiwa likizo wake za watu wanahama kiti cha karibu nawe.

"Na mlikuwa mnapigana na nani?" Chifu aliuliza.

"Hatukupigana na mtu. Tulibeba makombora makubwa, moja tu lingeweza kumaliza Lodwar na Kitale pamoja. Kazi yetu ilikuwa kujificha nayo. Adui asipojua uko wapi, hathubutu kuanza."

"Kwa hiyo una mkuki mrefu kuliko wote duniani," mzee wa kwanza alisema polepole, akionja utamu wake, "na kazi yako ni kujificha." Safari hii kicheko kiliwafikia hata askari waliokuwa wamesimama kando.

Ekiru peke yake hakucheka. Aliinuka. "Mambo ya mashine si yangu," alisema. "Ikiwa ni kweli, sawa. Ikiwa ni uongo, sawa. Mimi namuuliza moja. Uliulizwa swali kabla ya kuingia humo. Ulijibu nini?"

Lokorio angeweza kusema karani alikosea. Omollo alikuwa amehamishwa siku nyingi, hakuna ambaye angembishia. "Nilijibu nisiambiwe," alisema.

Minong'ono ikapita. Alipaza sauti, mara ya kwanza, na sauti ikatoka imekwaruza. "Nisikilizeni sababu. Safari ya kwanza nilipika pamoja na Mwingereza mmoja, Teri. Yeye alijibu aambiwe. Tukiwa katikati ya safari nahodha akamwita, akamwambia binti yake amekufa. Mnajua meli ilifanya nini? Haikufanya kitu. Haiibuki kwa ajili ya mtu mmoja. Haigeuki. Habari inaweza kuingia, lakini haiwezi kutoka hata neno moja la pole, maana ikitoa neno itajulikana iko wapi. Teri hakuwa na mahali pa kulilia. Chooni kuna foleni. Kitandani kuna mtu juu na mtu chini. Basi akawa analilia ndani ya chumba cha barafu, kati ya nyama, mlango umefungwa, na mimi nasimama nje kuangalia asigande. Akitoka anamenya viazi. Wiki baada ya wiki. Tuliposhuka nchi kavu hakuwa Teri tena. Nikasema, mimi nikifiwa nataka nilie nikiwa na mchanga chini ya miguu, na njia mbele yangu ya kwenda."

Baraza lilikuwa limetulia kidogo, na mpumbavu angedhani ameshinda. Ekiru alimsogelea mpaka wakawa wanapumuliana.

"Umesema vizuri," alisema. "Teri wako alilia kwenye barafu, lakini alilia siku ambazo mtoto wake alikuwa analiliwa. Sisi tulimlilia baba. Tukanyoa. Nywele zikaota. Na wewe siku zote hizo unaoka mkate na kupiga mluzi, una baba hai kichwani mwako. Nilitembea mpaka Lodwar kucha zikang'oka. Unafikiri nilitaka uje? Nilijua huwezi kuja. Nilitaka ujue tu. Nilitaka tuwe wawili."

"Niliporudi nchi kavu nikaambiwa, nililia."

"Ulilia peke yako. Nami nililia peke yangu. Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya."

"Na sasa unamshika mama kama fimbo ya kunichapia," Lokorio alisema, hasira imempanda mpaka machoni. "Mimi nilikataa habari nisizoweza kuzifanyia lolote. Wewe unaninyima habari nikiwa na miguu, nikiwa hapa hapa. Huna haki, Ekiru. Wewe ni mtu mbaya."

"Ngoja safari iishe, kama kule kwenu chini ya bahari," Ekiru alisema. "Ikiisha utaambiwa."

Chifu Lokeno alitamka kwamba serikali inaweza kumlazimisha mtu kulipa kodi lakini haiwezi kumlazimisha kusema. Wazee wakakubaliana upesi, jua lilikuwa limewafikia. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema yule mchimba visima, akachukua kigoda chake akaondoka.

Lokorio hakuondoka. Alipanga chumba nyuma ya mkahawa wa chai, akakaa Kakuma kama kupe. Kila asubuhi alishuka kwenye mto mkavu wa Tarach, akasimama kwenye visima vya mchanga wanakonywesha mifugo, akawauliza wote waliofika. Ejok, ejok, ejok. Alipatana na Barasa, dereva wa Landrova ya misheni, Mluhya mwenye huruma na meno machache. Barasa alikuwa ameshapata ruhusa ya mapadri. "Mafuta iko, gari iko," alimwambia. "Wewe niambie tu ni wapi, hata saa hii tunatoka." Lokorio alitazama upande wa vilima vya magharibi, kisha kaskazini, kisha akatazama chini. Hakuwa na mahali pa kutaja.

Ekiru naye alipeleka mbuzi mnadani Lodwar. Ilisemekana angerudi mara moja na lori la Ngugi, lakini lori likavunjika springi njiani, na kutengeneza springi jangwani ni ibada ya subira.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Epuyo. Lokorio hakumjua, alikuwa mtoto wa kuchunga ndama Lokorio alipoondoka, na sasa alikuwa mwanamume mwenye ndevu, miguu imechanika kwa miiba, mtu aliyetembea mchana na usiku. Aliingia mkahawani akauliza jambo moja, kama Ekiru yupo. Mwenye mkahawa akamwambia yuko na lori. Epuyo akakaa chini, akashika kichwa.

"Ejok," Lokorio alimwambia.

Epuyo aliinua macho, akamtambua. Lokorio na Ekiru walifanana pua. "Ejok," alisema.

"Unatoka wapi?"

"Kule."

"Wewe ni mtu wa Ekiru?"

"Dada yangu Akai ni mke wake."

Lokorio alimwagizia chai, kwa sababu mtu alikuwa na kiu na chuki haijawahi kumnyima mtu wa Turkana kinywaji. Epuyo alikunywa bila kumtazama. Macho hayo Lokorio aliyajua. Kwenye nyambizi maofisa huwa na macho ya namna hiyo, wanapopita jikoni kuchukua kahawa huku wanajua jambo la nyumbani kwako ambalo wewe hukutaka kulijua. Wanakuwa wapole ghafla. Wanakushukuru sana kwa kahawa.

"Ni mama?" aliuliza.

Epuyo alitazama ndani ya kikombe.

"Nina gari," Lokorio alisema. "Lile pale, la misheni. Taja mahali tu. Huhitaji kuniambia habari yoyote. Nionyeshe kwa kidole."

"Mwenye ruhusa ni Ekiru," Epuyo alisema. "Ametuapisha sote, mbele ya mifugo. Mimi nimetumwa kwake. Nitamngoja."

"Ekiru hayupo."

"Nitamngoja."

Lokorio alimkamata shingoni. Kikombe kikavunjika, viti vikaanguka, mwenye mkahawa akapiga mayowe kuhusu vyombo vyake. Epuyo hakupigana. Alikuwa na nguvu za kumvunja mpishi huyo vipande viwili, lakini aliacha mikono yake chini, akawa anatikiswa tu huku machozi yanamlenga, mpaka Barasa alipokuja kuwatenganisha. "Usinichukie," alisema alipopata pumzi. "Nikivunja kiapo, mbuzi wakifa, watoto wa dada yangu watakula nini?"

Walikaa hivyo, siku hiyo na iliyofuata, watu wawili kwenye benchi moja, wanakunywa chai moja, wanatazama barabara ya Lodwar. Mmoja alikuwa na habari na hana gari. Mwingine alikuwa na gari na hana habari. Lokorio alimwomba, akamtukana, akamwomba tena. Lori halikuja.

Siku ya tatu alikuja mwanamke. Aliingia Kakuma kutoka magharibi, akipita katikati ya soko, na watu wakawa wanampisha kabla hajawafikia. Shingo yake ilikuwa tupu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa mpaka kinang'aa. Epuyo alimwona, akainuka kwenye benchi, akaketi tena. Lokorio hakuhitaji kuambiwa huyo ni nani, wala shanga zake zimekwenda wapi.

Akai alisimama mbele yake. Hakusema ejok. "Mama amekufa," alisema. "Tulikuwa Oropoi. Alikuwa akiwaita nyote wawili, jina lako na jina la mume wangu, anachanganya. Alijua uko Kakuma. Nilimtuma Epuyo aje awachukue." Kisha akamgeukia ndugu yake. "Umekaa hapa siku zote hizi unafanya nini?"

"Namngoja Ekiru," Epuyo alisema.

"Na huyu?"

"Huyu asiambiwe. Si ndivyo tulivyoapa?"

Oropoi. Barasa, aliyekuwa ameegemea gari lake, alisikia jina hilo akashika mdomo. Alikuwa akipeleka unga Oropoi kila mwezi. Ukitoka asubuhi, mchana unakula huko.

Lokorio alikwenda mpaka katikati ya mto mkavu, mahali penye mchanga mwingi na nafasi ya kumtosha mtu yeyote kulia. Alilia huko kwa sauti kubwa, hakuna aliyemzuia, na Akai akaja akakaa karibu naye akalia pia. Lokorio alikuwa amepata alichokitaka siku ile alipojibu swali la Waingereza. Hakikumsaidia kitu. Alipomaliza alibaki na hasira tu, safi, imemkaa kifuani, na hasira hiyo ilikuwa na jina la mtu.

Lori la Ngugi lilisikika mlio wake kabla halijaonekana. Lilivuka mto likinguruma na kusimama pale pale mtoni, magurudumu ya nyuma yamezama mchangani, kama kawaida yake. Juu kulikuwa na magunia ya unga, na juu ya magunia watu wamebanana, magoti kwa magoti, kuku wamefungwa miguu, mwanamke ananyonyesha. Ekiru alikuwa katikati kabisa. Alikuwa amejitanda blanketi jipya jekundu, jingine amelikalia lisishikwe na vumbi, na alikuwa amekumbatia kifuko cha tumbaku ya unga, ile anayoipenda mama.

Epuyo alianza kusogea. Lokorio alimzuia kwa mkono. Habari hii sasa ilikuwa yake, na kwa mara ya kwanza tangu afike, yeye ndiye aliyejua na Ekiru ndiye asiyejua. Alitembea mpaka ubavuni mwa lori, akainua uso.

"Ejok, Ekiru," alisema.

Ekiru alimtazama kutoka juu, uso umekaza. "Ejok."

"Mama amekufa. Epuyo amekaa nami hapa siku mbili akikungoja wewe. Gari lilikuwepo. Mama alikuwa akituita, na Oropoi si mbali. Epuyo hakunionyesha njia kwa sababu ulimkataza."

Alisema yote hayo kwa sauti kubwa, ya kusikika na kila mtu, kama alivyofundishwa na wazee asinong'one. Abiria wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Ekiru. Hakuna aliyeweza kumwondokea. Mwenye kuku alijaribu kuvuta goti lake, likagonga goti jingine.  Ekiru alijaribu kuinuka, gunia likateleza, akakaa tena, amebanwa na mabega ya watu asiowajua, blanketi moja mgongoni na jingine chini yake. Aligeuza uso kulia, kukawa na uso wa mtu. Akageuza kushoto, kukawa na mwingine. Mwishowe akaushusha kwenye magoti yake mwenyewe na kujifunika blanketi kichwani, nalo likawa linatetemeka.

Sauti yake ilitoka humo ndani ndogo sana, hata Lokorio ikabidi asogee ili aisikie.

"Ungeniacha nishuke kwanza," Ekiru alisema. "Ungeniacha tu nishuke."

Lokorio alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu siku ya baraza, limenolewa pande zote mbili, na watu wote wa Kakuma walikuwa pale kulisikia. Alisimama akiwa nalo mdomoni. Kisha akaenda nyuma ya lori, akafungua makomeo ya mlango, akaushusha, akaanza kuwaambia watu wapishe mtu apite.